Nauza michoro ya vijiji vya India, na ugomvi wangu mkubwa ni jina la mchoraji

Machi 2025 pale New York mchoro mmoja wa M. F. Husain, mchoraji maarufu wa India, ulipigwa mnada ukaenda kwa zaidi ya dola milioni 13, aliuchora 1954 na kilichomo ndani ni kijiji tu, wanawake wanasaga, mkokoteni, mkulima na shamba lake. Magrupu ya Wasap ya watu wa sanaa yaliwaka siku ile, hongera kila kona, na mi nilifurahi kweli maana sanaa ya India ikipanda huko juu hata sisi wa chini tunapata upepo. Ila wiki hiyohiyo nilikuwa nabishana na mteja kuhusu mchoro wa mama mmoja wa jimbo la Bihar, India, mwanakijiji mwenyewe, siyo mtu wa mjini aliyekumbuka kijiji, na bei yake haifiki hata nauli ya ndege ya kwenda Mumbai. Mteja ananiambia, "Dada, si ni vitu vya kienyeji tu hivi? Nifanyie nusu."

Yaani mtu akikichora kijiji kutoka mjini ni sanaa, akikichora mwenyewe wa kijijini ni zawadi ya kupelekea shangazi. Hapo katikati ndo ninapopata riziki yangu.

Mi ni mtu wa Tanga, nilienda Pune, mji wa jimbo la Maharashtra huko India, kusoma biashara kama walivyoenda vijana wengi wa Tanzania na Kenya, ada inahimilika, Kiingereza kinatosha na wali upo. Sikwenda kutafuta sanaa hata kidogo. Lakini ukikaa Maharashtra hukwepi vile vijitu vyeupe, mwili ni pembetatu mbili zimegusana ncha, kichwa duara, mikono vijiti, wamejipanga wanacheza wakizunguka mtu anayepuliza tarpa, zumari lao la kibuyu. Vipo kwenye vikombe, mashuka, kuta za migahawa, mpaka kwenye begi la mwenzangu wa chumba. Nikamuuliza nani anachora hivi vitu, akanijibu bila kufikiri, "Hakuna mtu, ni Warli tu." Lile jibu sikulipenda na sikujua kwanini silipendi.

Tukaja kwenda Dahanu, kaskazini ya Mumbai, unapanda treni unashuka unaanza kuuliza njia. Huko Warli ni watu, siyo mtindo wa vikombe. Ukuta wa udongo unapakwa rangi ya udongo mwekundu, afu wanasaga mchele wanachanganya na maji, kalamu ni kijiti cha mwanzi umekitafuna ncha kiwe laini. Zamani waliokuwa wanachora ni wanawake walioolewa, harusi ikifika wanachora mraba na ndani yake mungu wao wa kike Palaghat, na bila huo mraba ndoa haifungwi. Afu akatokea mwanaume mmoja, Jivya Soma Mashe, alifiwa na mama yake akiwa mtoto akaacha kuongea, akawa anawasiliana kwa kuchora vumbini. Huyu akaanza kuchora kila siku, harusi ipo haipo, na kuanzia miaka ya 70 kazi zake zikatoka nje ya kijiji, zikafika mpaka Paris, serikali ikampa Padma Shri, nishani ya heshima ya taifa, 2011, akafariki 2018. Kwahiyo kumbe mtu yupo, ana jina, ana kijiji, ana wanae wanaochora na wao. Ila kikombe cha Pune hakimjui.

Sasa kiukweli sisi Watanzania hii hadithi tulitakiwa kuielewa kabla ya mtu yeyote. Edward Saidi Tingatinga katoka Tunduru, kaja Dar, mwishoni mwa miaka ya 60 akaanza kuchora kwenye vibao kwa rangi za kupakia baiskeli, anauzia pale Morogoro Stores, Oysterbay, 1972 akapigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mhalifu, kwisha. Ndugu zake aliokuwa kawafundisha wakaendelea, na waliofundishwa na ndugu zake wakaendelea, mpaka leo. Na wachoraji wa Tingatinga wanaandika majina yao kwenye kona ya picha, nendeni mkaangalie, tatizo mnunuzi haisomi ile kona. Ananunua "Tingatinga" anaondoka.

Afu nikaja kukutana na habari za Jangarh Singh Shyam nikashika kichwa. Huyu ni Mgondi, kabila la India ya kati, wa ukoo wa Pardhan, kijiji kinaitwa Patangarh, Madhya Pradesh. Wapardhan kazi yao ya asili ni kuimba historia za mabwana wa Kigondi huku wanapiga bana, kinanda chao cha nyuzi, wanaenda nyumba kwa nyumba wanalipwa nafaka na ng'ombe. Mwaka 1981 mchoraji J. Swaminathan alikuwa anaandaa jumba la sanaa la Bharat Bhavan pale Bhopal, akatuma vijana wake wazunguke vijijini kutafuta wachoraji, wakakuta ukuta umechorwa, wakauliza wa nani huu, kijana akaletwa. Bharat Bhavan ikafunguliwa 1982 na kazi za Jangarh zimo. Yule kijana akabadilisha nyimbo za ukoo wake kuwa rangi, wanyama na miungu iliyojazwa vinukta na vimistari, mwaka 1989 yuko Paris kwenye maonyesho makubwa ya jumba la sanaa la Pompidou, yaleyale walikokuwepo wasanii Chéri Samba na Bodys Isek Kingelez wa Kinshasa. Akawaita ndugu zake Bhopal, wapwa, mashemeji, akawapa kalamu. Mpwa wake Bhajju Shyam alikuwa mlinzi wa usiku, leo naye ana Padma Shri yake. Mtindo mzima watu wanauita Jangarh Kalam. Mwenyewe akafariki Japani 2001, mbali na kwao, kule alikokuwa anachorea makumbusho. Binti yake anaitwa Japani, alizaliwa wakati baba yuko hukohuko safari za mwanzo.

Mtu mmoja, ndugu zake, jiji kubwa, kifo cha mapema, jina linabaki kwa mtindo. Ni Tingatinga mtupu. Tofauti iko kwenye kitu kimoja tu na hicho ndo kimenifundisha biashara: kule Bhopal kulikuwa na watu wanaoandika. Kila mchoro una jina la mchoraji, mwaka, kijiji, na wapwa nao wakaandikwa kila mmoja kivyake. Ndo maana mwaka 2010 mchoro wa Jangarh ukapigwa mnada New York ukavuka dola 30,000, maana mnada hauwezi kuuza "kitu cha kienyeji", mnada unauza jina na karatasi zake.

Lakini hilo nililielewa vizuri nikiwa kazini siyo kwenye kusoma. Nilipomaliza chuo nilipata kazi kwa kampuni moja ya kusafirisha bidhaa za mikono, sitaitaja, nilikuwa dawati la wateja wa Ulaya na Ghuba. Michoro inakuja kutoka vijijini imefungwa kwenye gazeti, nyuma yake mchoraji kaandika kwa penseli jina lake na la kijiji chake kwa Kihindi. Kabla haijaingia kwenye kasha kuna kijana kazi yake ni kufuta ile penseli na kubandika stika ya kampuni. Nikauliza bosi kwanini, na akanijibu kwa roho safi kabisa, alikuwa mtu mzuri tu, "Beti (yaani binti yangu), mteja akijua jina atamtafuta mwenyewe, sisi tutakula nini?"

Nimeifikiria ile kauli miaka. Ina akili, usiidharau. Ila hesabu yake haijakaa sawa, maana mtu wa Rotterdam au Sharjah anayetaka mchoro mmoja wa sebuleni hawezi kupanda ndege mpaka Patna, mji mkuu wa Bihar, ashike gari masaa kibao mpaka Madhubani, atafute nyumba ya mama asiyeongea Kiingereza, ili aokoe dola mia. Hataenda. Anachotaka ni mtu wa kumwambia huyu ni nani, kazi ni ya kweli, na itafika haijakunjwa. Jina halikuibii mteja, jina ndo linampa mteja sababu ya kulipa na kurudi kuuliza "huyu mama ana mpya?" Hakuna mtu aliyewahi kurudi kuuliza kama stika ina mpya.

Basi nilipoanza changu, mtaji mdogo, ofisi ni meza ya kulia chakula, sheria ya kwanza ikawa jina linakaa mbele siyo nyuma. Jina, kijiji, mwaka, na picha ya mchoraji ameshika kazi yenyewe. Sheria ya pili nikajifunzia Bihar.

Sanaa ya Mithila, ile ya Bihar ambayo wengine wanaiita Madhubani, ina historia ya ajabu. Kwa karne wanawake walikuwa wanachora ndani ya nyumba, hasa kwenye chumba cha maharusi, mgeni haoni. Tarehe 15 Januari 1934 tetemeko likaangusha nyumba, na ofisa wa Kiingereza W. G. Archer anazunguka kukagua hasara anakuta kuta za ndani zimefunguka barabarani, samaki, miwanzi, maua ya yungiyungi, ndege, akapigwa na butwaa, akapiga picha na baadaye akaandika. Afu ukaja ukame wa 1966 na 67, njaa, na Pupul Jayakar wa bodi ya kazi za mikono ya serikali akamtuma msanii Bhaskar Kulkarni apeleke karatasi kwa wanawake wachore, kile walichokuwa wanachora ukutani bure kipate bei. Kwahiyo ile sanaa unayoiona kwenye karatasi ni ya juzi tu na ilizaliwa kwa njaa. Sita Devi, Ganga Devi, Baua Devi, hawa wote waliinukia kwenye zile karatasi. Ganga Devi alipelekwa Marekani 1985 kwenye tamasha la India, akapandishwa lile gari la kwenye reli za kupanda na kushuka kule kwenye viwanja vya michezo, akarudi akalichora kwa mistari yake ya Mithila, watu wamekaa kwenye mabehewa kama maharusi kwenye machela. Mi nikiangalia ule mchoro sioni mtu wa kienyeji, naona mtu amepelekwa ugenini akautazama ugeni wao kwa macho yake na hakubabaika.

Na usidhani vijijini wote ni sawa. Wanawake wa matabaka ya juu, Wabrahmin na Wakayastha, ndo walitangulia kupata karatasi na wageni. Wadalit, watu wa tabaka la chini kabisa, walikuwa na mtindo wao unaitwa godna, umetokana na chale na tatuu za mwilini, na walichelewa kufikiwa na walichelewa kulipwa. Dulari Devi ni wa jamii ya wavuvi, alikuwa mfanyakazi wa ndani kwenye nyumba za wachoraji, anafagia huku anaangalia, akafundishwa, 2021 akapewa Padma Shri. Mtu akiniletea orodha ya wachoraji wa Mithila haina Mdalit hata mmoja najua amefikia nyumba za barabarani tu, hakuingia ndani.

Sasa sheria ya pili: hela inaenda kwa mchoraji, kwenye akaunti yake, na nusu inatangulia. Inaonekana kitu kidogo. Mchoro mkubwa wa kachni, ule wa vimistari vyembamba, unamaliza wiki na wiki za mtu, na hizo wiki watoto wanakula nini? Mfanyabiashara wa kawaida analipa ikiisha, tena analipa mkononi kwa mume au kwa mtoto wa kiume, na mama anabaki na pongezi. Nilipoanza kusisitiza akaunti ya mama mwenyewe niligombana na waume, siyo siri, mmoja alinitolea chai yote nikanywa akaniambia kwa upole kuwa mimi ni mgeni na kwao hela ya nyumba ina mwenyewe. Nikamjibu, "Bhaiya (kaka), ni kweli, na mwenyewe ni huyo aliyeinama pale anachora." Akacheka, hakukubali siku ile. Mkewe ndo alikuja kunitumia namba ya akaunti, kimyakimya, kwa simu ya binti yake.

Afu kuna kalenda. Ukipeleka oda msimu wa kupanda mpunga umepoteza muda, ukipeleka msimu wa harusi umepoteza zaidi maana wachoraji wote wako kwa ndugu wanachora bure kwa heshima. Wateja wa mjini hawaelewi hili, wanataka ndani ya mwezi, na mi nimeamua kuwaambia tu ukweli kuwa itachelewa, anayeweza kusubiri asubiri, na ajabu wengi husubiri ukiwaambia mapema na sababu.

Wateja wenyewe ni somo. Nilidhani Wahindi wa huku kwetu ndo watanunua wa kwanza. Weee. Mzee mmoja wa Upanga aliangalia mchoro wa Mithila akaangalia bei akaniangalia mimi, Kiswahili chake kuliko changu, akasema, "Mwanangu, vitu hivi kule kwetu bibi zetu wanachora chini mlangoni, watu wanakanyaga, we unaniletea na kioo?" Na nilimuelewa, maana na mimi ukiniletea mkeka wa ukindu kwenye fremu kwa dola 500 nitakuuliza unaumwa? Kwanza hakuwa mtu wa Bihar, wengi wa huku asili yao Gujarat na Kutch. Ikabidi nirudi shule upya, nikaenda Kutch, kijiji cha Nirona karibu na mji wa Bhuj, kuona sanaa yao ya rogan.

Rogan ni mafuta ya nyonyo yanachemshwa mpaka yanakuwa mazito kama asali inayokataa kukatika, yanachanganywa na rangi, mchoraji anaweka donge kwenye kiganja, anavuta uzi wake kwa kijiti cha chuma na kuutandaza juu ya kitambaa bila kijiti kugusa nguo. Anachora nusu, anakunja kitambaa, nusu ya pili inajichapa yenyewe. Zamani ilikuwa ya nguo za maharusi wa wafugaji, vitambaa vya kiwandani vikaja vikaiua, ikabaki imeshikiliwa na familia ya akina Khatri. Abdul Gafur Khatri alipewa Padma Shri 2019, na kazi ya rogan ya mti wa uzima ndo zawadi aliyopewa Obama na waziri mkuu Modi 2014. Nilivyoileta Mombasa na Dar, Wakutchi walewale wakaja, na walikuja na wajukuu, wakawa wanaelezana wao kwa wao kwa Kikutchi mi nimesimama pembeni sina kazi. Yule mzee wa Upanga akanunua mbili. Hajaomba punguzo, ila aliomba nimuandikie jina la mchoraji kwa Kigujarati nyuma, akasahihisha herufi zangu.

Kutokea hapo nikaacha kubeba kila kitu kila sehemu. Dubai pale Alserkal, mtaa wa majumba ya sanaa, wanaopita wamezoea nyumba za sanaa, wanauliza mchoraji ameonyeshwa wapi kabla, nawapelekea Wagondi wenye historia ndefu. Nairobi vijana wa maofisini wananunua kidogokidogo, kazi ndogo za karatasi, wanalipa kwa awamu na wanamaliza. Dar wanapenda fremu. Yaani mchoro uleule bila fremu hauongei, ukiwa na fremu nzito ya mninga mtu anatoa hela, siku hizi fundi wangu wa fremu wa Kinondoni anajua tofauti ya bharni, ule wa kujaza rangi, na kachni kuliko maprofesa.

Nimewaacha Siddi mwisho maana hawa wananigusa vibaya. Karnataka, milima ya Ghats ya magharibi, vijiji vya Haliyal, Yellapur, Mundgod, misitu, ndani yake kuna watu weusi kama mimi wanaongea Kikonkani na Kikannada, wengine Wakristo, wengine Waislamu, wengine Wahindu. Wazee wao walivushwa bahari kutoka pwani yetu na Msumbiji, wengi kupitia Wareno wa Goa, wengine wakatoroka wakaingia msituni. Mwaka 2003 serikali ikawatambua kuwa kabila lenye haki maalumu, na 2020 Shantaram Siddi akawa wa kwanza wao kuingia baraza la kutunga sheria la jimbo.

Wanawake wao wanashona kawandi, mashuka ya viraka. Unachukua sari nzee iwe mgongo, vipande vya nguo chakavu za nyumba nzima, unaanzia kona, unakwenda ukingoni unazunguka unaingia ndani, mshono wa sindano ya mkono unaoonekana, mistari inazunguka mpaka katikati inakutana. Kona zinawekewa vijipembe vya kitambaa vilivyokunjwa vinaitwa phula, maua, na bila phula wanasema haijavaa, iko uchi. Rangi zinapigana mpaka zinapatana. Mzungu mmoja profesa wa Marekani, Henry Drewal, alisaidia wanawake kuanzisha ushirika mwaka 2004, na 2011 kawandi zikaonyeshwa Harlem, New York, pale Schomburg Center.

Mi nilipofika walinikaribisha vizuri kupita kiasi, watoto wananishika nywele, bibi mmoja hataki niondoke. Na hapa niseme kwa watu wetu wanaopenda kwenda kule kupiga picha za undugu: undugu upo, lakini usiende na machozi ukasahau pochi. Watu wale wamechoka kuombwa wacheze ngoma kwa wageni. Nilichofanya ni kukaa nao kuongea bei, na ilikuwa ngumu kuliko kulia, maana walikuwa wanauza kwa ukubwa tu, kubwa bei hii, ndogo bei ile, awe kashona fundi hodari au anayejifunza. Tukabishana siku nzima nyingine. Wenyewe wakaja na wazo, wakazitandika kawandi zote uwanjani wakazipanga wao, hii mbele, hii nyuma, na hakuna aliyebisha kuhusu nani ni fundi, wanajuana. Bei ikafuata ule mpangilio. Na kila moja ikashonewa kitambaa kidogo nyuma chenye jina, asiyejua kuandika akashonewa na binti yake.

Mzigo ulipofika kwetu afisa wa forodha akafungua robota, akashika moja, akaona viraka vya nguo zilizovaliwa, akaniangalia kwa huruma. "Dada, haya si mitumba? Cheti cha kupuliza dawa kiko wapi?" Sasa mweleze. Nguo ni nzee kweli, zimevaliwa kweli. Kwenye ushuru michoro ya mkono ina namba yake, 9701, unaonyesha tu, lakini shuka la viraka halina utetezi. Kilichoniokoa ni yale majina. Niliweka mezani picha za akina mama wameshika kila mmoja ya kwake, orodha, jina la nyuma linalingana na la kwenye orodha, invoisi inalingana na zote mbili. Yule afisa akaanza kuzilinganisha moja moja, mwenyewe akaanza kufurahia, akaita wenzake, "njooni muone Wamakonde wa India." Siyo Wamakonde ila nilinyamaza. Dawa nililipia ikapulizwa, na mzigo ukatoka kama kazi za mikono siyo kama mitumba.

Kuna watu wananiambia cheti cha asili kinatosha, maana Mithila wana hati ya kijiografia tangu 2007, Warli pia wanayo. Ni kitu kizuri lakini kinalinda jina la sanaa, hakimlindi mama fulani. Kiwanda kinaweza kuchapa Warli kwenye mashuka usiku kucha na kikabadilisha kidogo, utamshika wapi. Anayeuliza atajuaje kazi ya mkono na ya kuchapa namwambia geuza nyuma angalia wino umeingiaje kwenye karatasi, afu tafuta mistari miwili inayotakiwa kufanana. Ikifanana kabisa kimbia.

Na jambo la sasa hivi ni simu. Watoto wa wachoraji wamesoma, wana Insta, wanaingia laivu wakati mama anachora, wanauza wenyewe mpaka Kanada. Wafanyabiashara wenzangu wanalia kwamba tunapitwa. Mi sioni hivyo kabisa. Binti wa yule mama wa akaunti ya kimyakimya ndo sasa hivi ananipangia bei mimi, ananitumia invoisi ina mstari wa adhabu nikichelewesha kulipa, na mwezi uliopita alinikatalia oda kwasababu mteja alitaka mama yake anakili kazi ya mchoraji mwingine. Kazi iliyobaki kwangu ni ile ambayo simu haifanyi, kufunga, kusafirisha, kubishana na forodha, kuandika katalogi, kutafuta ukuta wa kutundika na kukaa chini yake siku nzima najibu maswali. Inatosha kabisa kula.

Wanaouliza inbox mtaji kiasi gani, siwezi kuwapa namba, inategemea unaanzia wapi. Ila ukiwa Delhi nenda Dilli Haat, soko la kazi za mikono pale mtaa wa INA, unalipa kiingilio kidogo, mabanda ya wasanii yanabadilishwa kila baada ya muda, kaa na mmoja mpaka ajue hununui kwa haraka. Februari kuna maonyesho ya Surajkund kule Faridabad, kubwa zaidi na kelele zaidi. Na ukinunua chochote omba aandike jina lake kwa mkono wake mwenyewe, mbele, palepale unaangalia, afu usimwombe apunguze bei baada ya kuandika.